Shoo shirikishi siyo kumchamba mtu wa siti ya mbele

Siku hizi ukishika simu dakika 5 haziishi hujakutana na klipu ya mchekeshaji kainama kwenye ukingo wa jukwaa anamuuliza mtu wa siti ya mbele "wewe unafanya kazi gani?", na yule mtu akishajibu tu kwisha habari yake, anachambwa kazi, anachambwa shati, anachambwa na aliyekaa naye, ukumbi unavunjika mbavu, klipu inakatika, inaingia nyingine. Na kwa vile klipu hizo ndo zinazotufikia, watu wengi wameshaamini kwamba vichekesho vya kushirikisha watazamaji ndo hivyo na hamna kingine. Mwambie mtu twende tamasha la sanaa, kuna shoo moja ya stendapu ya ajabu ajabu, watazamaji nao wanacheza, atakujibu moja ya mawili: "sitaki kuchambwa mimi" au "hiyo siyo kazi, huyo anaongea tu na watu". Nadhani majibu yote mawili yamekosea, na yamekosea kwa sababu ileile, yani wanaihukumu saa nzima kwa kipande cha sekunde 40. Shoo shirikishi iliyotengenezwa vizuri inaandikwa zaidi kuliko stendapu ya kawaida, na sehemu kubwa ya kazi ya mtu anayeiongoza ni kumlinda mgeni aliyekubali kucheza naye. Hili la pili ndo limenifanya nikae niandike, manake silioni likisemwa.

Nitasimulia moja niliyoiona tamashani, bila mfano maneno haya yataelea. Chumba kidogo, viti kama 60, hamna jukwaa la maana, sakafu tu. Mchekeshaji akaingia kabeba taa ya kusimama, imezimwa, na waya mrefu kauviringa begani. Hakusalimia. Akaiweka taa katikati, akashika plagi, akawaangalia watu wa mbele mmoja mmoja taratibu kabisa, akamkabidhi dada mmoja na kumwambia "peleka nyuma, usivute". Basi plagi ikaanza kusafiri mkono kwa mkono, watu wanainamisha vichwa, waya unapita juu ya magoti na mikoba, mmoja kaipokea akaikazia macho utadhani kapewa mtoto wa mtu, na kwa dakika kama mbili nzima hakuna mtu aliyesema neno la kuchekesha lakini chumba kizima kinacheka, kwa sababu kila anayeipokea hajui kama yeye ndo wa mwisho au la. Ikafika kwa mzee mmoja aliyekaa mstari wa nyuma kabisa, ukutani, karibu na soketi. Akaichomeka. Taa ikawaka, watu wakashangilia kama wamefunga goli. Ndo mchekeshaji akafungua mdomo: "Mzee, kuanzia sasa wewe ndo bosi wa taa. Nikisema kitu hakichekeshi, zima."

Angalia hapo kimefanyika nini. Kabla hata hajatoa utani wa kwanza, watu 15 hivi wameshashiriki na hakuna aliyeulizwa jina, kazi wala ana mtu au hana. Wote wamefanya kitu ambacho huwezi kukikosea, kupokea na kupitisha. Na mtu aliyepewa nafasi kubwa kuliko wote hakupewa nafasi ya kuchekwa, kapewa mamlaka. Saa nzima iliyobaki ilining'inia kwenye kidole cha yule mzee. Kuna sehemu mchekeshaji alisimulia kisa kirefu mno kwa makusudi, kinazunguka kinazunguka hakifiki, mpaka watu wakaanza kugeuka nyuma mmoja baada ya mwingine kumtazama mzee, mzee kaweka kidole kwenye swichi, hazimi, anatuangalia sisi, anamwangalia yule, hazimi, na kile kimya ndo kilichochekesha kuliko maneno yote ya jioni ile. Sasa niambie hapo nani kaandika utani? Mzee hakuuandika. Lakini bila mzee haupo.

Mambo haya hayajaanza jana na ni vizuri kujua yametoka wapi. Mwaka 1947 mjini Edinburgh, Scotland, lilikuwa linaanzishwa tamasha kubwa la kimataifa la sanaa, na makundi 8 ya maigizo yasiyoalikwa yakajitokeza hivyohivyo, yakatafuta kumbi zao pembeni, yakaonyesha. Kutokana na ule ukaidi ndo ikazaliwa Edinburgh Festival Fringe, na msingi wake mpaka leo haujabadilika, hakuna kamati inayochuja nani aingie, ukipata ukumbi na ukajisajili umo. Adelaide kule Australia wakawa na ya kwao toka 1960. Sasa tamasha lisilochuja linazaa vitu viwili kwa pamoja, vitu vibovu vingi sana na vitu ambavyo hakuna kamati ingethubutu kuvipitisha. Edinburgh kwa mwaka mmoja wa kawaida ina shoo zaidi ya 3,000 kwa wiki kama tatu za Agosti, na toka 2008 vichekesho vilipoipita tamthilia ndo vimekuwa fungu kubwa kwenye orodha. Kumbi nyingi ni vyumba vya muda tu, darasa la chuo, stoo ya chini ya jengo, chumba cha nyuma cha baa, shoo inapewa kama saa moja alafu inatoka inaingia nyingine. Hii saa moja ni muhimu kuielewa. Klabu ya vichekesho inakupa dakika 10 au 20 kati ya wachekeshaji wengine wanne, hapo huna muda wa kujenga chochote na mtu, unachekesha unashuka. Ukipewa saa moja, chumba kidogo na watu wanaoonana nyuso, unaweza kuanza na plagi na ukamaliza na mzee mwenye mamlaka.

Mkondo mwingine ni wa maklauni. Sizungumzii pua nyekundu na viatu vikubwa vya kwenye bethidei. Nazungumzia mafunzo ya mtu kama Philippe Gaulier, Mfaransa, ambaye shule yake imepitiwa na wachekeshaji wengi wa aina hii, na kitu kikubwa alichokuwa anakifundisha ni namna ya kusimama mbele ya watu wasiocheka. Yani umetoa kitu, hakijacheza, ukumbi kimya, usikimbie wala usijifanye hujaona, waangalie watu machoni ukiri kwamba kimeanguka, na hapohapo ndo wanaanza kukupenda. Phil Burgers, Mmarekani aliyepita kwa Gaulier na anayejiita Doctor Brown, alichukua tuzo kuu ya vichekesho ya Edinburgh mwaka 2012 kwa shoo ambayo karibu haina maneno, yeye na watazamaji tu wanatafutana. Mwaka 2023 mji uleule ukamzungumza sana Julia Masli, mzaliwa wa Estonia, naye ni wa shule ya Gaulier, ambaye anazunguka ukumbini na maiki na kumuuliza mtu neno moja tu, "tatizo?", alafu chochote atakachoambiwa anajaribu kukitatua palepale na watu waliopo. Na kabla yao alikuwepo mchekeshaji wa Marekani Andy Kaufman, mwaka 1979 alimaliza onyesho lake kwenye ukumbi wa Carnegie Hall, New York, akawapakia watazamaji kwenye mabasi akaenda kuwanywesha maziwa na biskuti. Ukiwapanga hawa kwenye mstari mmoja unaona wazi hakuna kati yao aliyejengea jina kwa kumuumbua mtu wa siti ya mbele.

Sasa picha hii imepotea wapi? Imepotelea kwenye simu, na siwezi kuwalaumu wachekeshaji kirahisi kwa hilo. Mchekeshaji anaishi kwa utani alioufanyia kazi miezi, pengine miaka, na utani ukishauposti umekufa, anayekuja kukuona kesho anaujua mwisho wake. Lakini mtandao unataka kitu kipya kila siku. Ndo hapo mazungumzo na watazamaji yakaonekana dhahabu, kwa sababu hayatarudiwa kesho hata hivyo, ukiyaposti hujapoteza kitu na jina linakua. Hesabu hiyo ni ya kibiashara na inaeleweka kabisa, na ilikubali kiasi kwamba mwaka 2024 Netflix wakatoa onyesho zima la Matt Rife lililojengwa juu ya kuongea na watu ukumbini, kijana ambaye klipu za namna hiyo ndo zilimtoa. Shida ni kwamba klipu ina kanuni zake. Lazima ieleweke na mtu ambaye hakuwepo, tena anayepitisha kidole, kwa hiyo inahitaji swali fupi, jibu fupi na kipigo. Plagi kupita mikononi mwa watu 15 haiwezi kuwa klipu, ukiikata haina kitu, watu tu wanapeana waya. Basi kinachosafiri ni kile kinachoumiza haraka, na anayeanza fani leo anajifunza kutoka kwa kilichosafiri, akipanda jukwaani anadhani kushirikisha watu ndo kuwapiga madongo. Klipu inafundisha fani vibaya, hiyo ndo hofu yangu kubwa.

Tuje kwa hoja za wanaopinga, na zipo za kuheshimu.

Wa kwanza wanasema huu ni uvivu, mchekeshaji kaja mikono mitupu anawaachia watazamaji wamwandikie shoo. Naelewa kwa nini mtu afikirie hivyo, kwa sababu ikifanyika vizuri inaonekana haijaandikwa. Lakini fikiria ile taa tena. Mchekeshaji alijua soketi iko wapi kabla watu hawajaingia, waya aliupima ufike, na siti ya karibu na soketi bila shaka alikuwa anaitazama toka watu wanaingia ili ajue nani atakaa pale. Alafu alikuwa na jibu kwa kila tawi. Mzee akizima mapema atafanya nini, akiwa muoga asizime kabisa atafanya nini, akinogewa akawa anazima kila sekunde atafanya nini, plagi ikivutwa taa ikaanguka atafanya nini. Stendapu ya kawaida unaandika njia moja na kuinyoosha mpaka inang'aa. Hii unaandika njia 6 ukijua jioni moja utatumia moja tu, na zile 5 hakuna atakayekusifia kwa sababu hakuna atakayejua zilikuwepo. Alafu kuna kukumbuka. Anayeongoza shoo ya hivi inabidi akumbuke dada wa mbele aliguna lini, kijana wa pembeni alisema nini dakika ya 12, ili dakika ya 50 akirudishe mahali pake, na akikirudisha watu wanacheka kwa sababu wanajua hakikutoka kwenye karatasi. Mimi kichwa hicho siwezi kukiita kivivu. Ninachokubali ni kwamba wavivu wapo, tena wengi, wale ambao dakika zao zimekauka wanaanza "kuna mtu katoka mbali leo?" kujazia muda, na hao ndo wamewaharibia wenzao.

Wa pili, na hoja yao ndo dhaifu kuliko zote ingawa ndo inayorudiwa zaidi chini ya kila video, wanasema "hao wamepangwa". Kila mtu akichangamka kidogo tu, kapangwa. Jamani. Kwanza fikiria mahesabu ya shoo ndogo ya tamashani, mtu anacheza kila siku wiki tatu kwenye chumba cha watu 60, siku nyingine wamekuja 11, atawalipa nani na kwa hela ipi. Pili, na hili ndo kubwa, mtu wa kupangwa anaua kilekile kinachofanya shoo ichekeshe. Kicheko cha shoo shirikishi kinatokana na hatari, watu wote chumbani wanajua huyu mzee hana maandishi, na mchekeshaji anajua wanajua, sasa ukimweka mwigizaji pale atazima kwa wakati, atatabasamu kwa wakati, na ule wakati mzuri kupita kiasi ndo utamuumbua. Watu wananusa. Mtu wa kweli anachelewa, anaelewa vibaya, anamgeukia mwenzake kumuuliza "kaniambia mimi?", na huko kuchelewa hakuna mwigizaji anayekupatia usiku 20 mfululizo. Zipo shoo zinazotumia watu wa kupanga, ni kweli, mara nyingi kwa jambo moja lenye hatari ya kuumia au kwa mshangao wa mwishoni, lakini kuligeuza hilo kuwa maelezo ya kila kitu ni kukataa kuamini kwamba mtu wa kawaida anaweza kuchekesha bila kulipwa. Anaweza. Tunaona kila siku kwenye foleni na kwenye basi.

Hoja ya tatu ndo yenye uzito, na sitaki kuipita haraka. Inasema hivi: mimi nimelipa kuja kutazama, sikulipa kuja kuonekana, na ukinifuata kwenye kiti changu mbele ya watu 60 umeniweka mahali ambapo "hapana" yangu ni ghali. Ni kweli tupu. Kukubali hadharani hakulingani na kukubali faraghani. Mtu anaweza kusema "sawa" huku moyo unamwenda mbio, kasema sawa kwa sababu kukataa kungemfanya aonekane ana roho mbaya, na jioni yake imeishia pale. Kuna mwenye haya za kuzaliwa, kuna mwenye kigugumizi, kuna aliyetoka kuachwa wiki hii akaja kusahau, na mchekeshaji hawajui. Kwa hiyo anayesema shoo hizi zinaweza kuwa uonevu hajakosea, tofauti yangu naye ni kwamba yeye anadhani dawa ni kuziacha, mimi nasema wanaozijua wameshatengeneza dawa miaka mingi na tungeziona kama tungeangalia shoo nzima.

Dawa ya kwanza ni ngazi. Hauanzi na mtu mmoja. Unaomba chumba kizima kifanye kitu, kupiga makofi mara moja, kuvuta pumzi, chochote, alafu upande mmoja, alafu mstari mmoja, na unapomfikia mtu mmoja yeye ameshafanya vitu vitatu na wenzake na umeshaona nani macho yanamng'aa na nani ameangalia viatu. Ya pili, unampa mtu kazi ya mikono kabla ya kazi ya mdomo. Kushika, kupitisha, kubonyeza. Ukimuuliza mtu "niambie kitu kuhusu maisha yako" umemvua nguo, ukimpa plagi umempa shughuli. Ya tatu, unampa uwezo juu yako. Na ya nne ambayo ndo naiona kubwa kuliko zote ni unavyoipokea hapana.

Katika shoo ileile ya taa kuna dada alipewa filimbi. Akatikisa kichwa na kuukumbatia mkoba wake mapajani. Mchekeshaji akasema "sawa kabisa", sauti ya kawaida, wala hakugeuza kuwa utani, akarudi hatua mbili, akaipuliza ile filimbi mwenyewe ikatoa upepo tu, akaitazama kwa huzuni. Watu wakamcheka yeye. Na kwa dakika kadhaa hakuelekeza macho upande ule kabisa, alihamia kushoto kwa ukumbi, akampa yule dada muda wa kuwa mtazamaji tena. Mimi nilikuwa siti tatu kutoka kwake, niliona mabega ya watu wa mstari ule yakishuka. Muda kidogo kijana aliyekuwa karibu naye akanyoosha mkono mwenyewe, anaitaka filimbi. Hilo ndo wasiloliona wanaodhani kukataliwa kunaharibu shoo. Hapana ya yule dada ilipoheshimiwa mbele ya wote, kila mtu chumbani akajua mlango upo, na mtu anayejua mlango upo hana haja ya kukaa karibu nao. Mchekeshaji anayemng'ang'ania mtu, "aah dada usiogope bwana, jamani mpigieni makofi", anadhani anaokoa shoo kumbe kawafungia 59 waliobaki, wote sasa wanaomba asifike kwao.

Natalie Palamides, Mmarekani, aliligeuza suala hilohilo la ridhaa kuwa kiini cha shoo yake, anavaa uhusika wa mwanaume wa mabavu mwenye sharubu na katikati ya vurugu zote anaomba ruhusa za watu, na watazamaji wanajikuta wanapima wenyewe ruhusa ni nini, Netflix waliionyesha mwaka 2020. Haifurahishi kila mtu na haikutengenezwa ifurahishe kila mtu. Lakini inaonyesha kwamba watu wa fani hii wamelifikiria swali la ridhaa kwa kina kuliko wanaowatuhumu.

Je, kuchamba hakuna nafasi kabisa? Kuna. Mchekeshaji Barry Humphries wa Australia, aliyefariki 2023, kwa miongo mingi alivaa uhusika wa bibi aitwaye Dame Edna na kuwasema watu wa siti za mbele nguo zao, nyumba zao, mpaka mapazia. Lakini sikiliza alivyokuwa anafanya, yule bibi mwenyewe ndo kinyago, kajaa majivuno mpaka shingoni, kwa hiyo kila kisu alichorusha kilirudi kuonyesha alivyo yeye, na mwisho wa shoo alikuwa anawarushia watu maua waliyoyapunga wote pamoja. Ule ni mzunguko kamili, unasemwa, unapewa ua, unaondoka ukiwa sehemu ya kitu. Ukikata kile kisu peke yake ukakiweka kwenye simu, unabaki na mtu anamtukana mama wa watu.

Kuna jambo jingine la chumba ambalo simu hailiwezi. Robert Provine, mtafiti wa Marekani aliyekuwa anakifuatilia kicheko kwa miaka, aligundua kwamba mtu hucheka kama mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake, na alipokwenda kusikiliza watu wanavyocheka kwenye mazungumzo ya kawaida akakuta sehemu ndogo tu ya vicheko, asilimia 10 mpaka 20, vinakuja baada ya kitu kinachoweza kuitwa utani. Vingine vyote vinakuja baada ya maneno ya kawaida kabisa. Naye Robin Dunbar wa Uingereza na wenzake walifika mpaka kwenye tamasha la Edinburgh kupima uvumilivu wa maumivu kabla na baada ya shoo, walioangalia stendapu uvumilivu wao ukapanda, walioangalia maigizo ya kawaida haukupanda, na maelezo yao ni kwamba kicheko cha pamoja kinaamsha zile kemikali za mwilini zinazotuunganisha. Ukiyachukua haya mawili, plagi inaeleweka. Hakuna utani kwenye plagi. Kilichopo ni watu 60 wasiojuana kugundua kwa pamoja kwamba wako kitu kimoja, na kicheko kinatoka chenyewe. Anayekaa nyumbani anatazama kipande anauliza "sasa hapa wanacheka nini" anauliza swali la haki, jibu lake ni kwamba kilichowachekesha hakimo ndani ya picha.

Haya yakikubalika kuna mambo yanatakiwa kubadilika. Waandishi wa tathmini wakome kuandika "alitegemea sana watazamaji" kama kasoro, hiyo ni sawa na kumlaumu mpiga ngoma kwa kutegemea ngozi. Waangalie alivyowapokea, alivyomrudisha mtu kwenye kiti chake, na kama inawezekana wakae siku mbili, kwa sababu shoo ya siku moja ya namna hii ni tawi moja tu kati ya yale 6. Waandaaji nao waseme wazi kwenye ratiba na kwenye tiketi kwamba watazamaji watashirikishwa na kwa kiasi gani, kuombwa kupiga makofi ni tofauti na kuvutwa jukwaani, na waache viti fulani viwe salama, vijulikane toka mlangoni, asiyetaka kuguswa akae hapo na asikilize kwa amani. Sioni hilo linapunguza nini. Anayeogopa atanunua tiketi, na leo hainunui.

Lakini kubwa kuliko yote ni kurekodi, na hapa ndo nakuwa mkali kidogo. Yule mzee wa taa alikubali mbele ya watu 60 waliokuwa chumba kimoja naye, wamemwona alivyoipokea plagi, wamemwona alivyosita. Hakukubali mbele ya milioni moja wasiomjua, kwenye kipande ambacho kimekatwa na mtu mwingine, chenye maandishi makubwa juu, na chini yake wageni wanamjadili sura. Hizo ni ruhusa mbili tofauti na ya kwanza haibebi ya pili. Kumbi nyingi zinabandika karatasi mlangoni, ukiingia umekubali kurekodiwa, na wanaona wamemaliza. Hawajamaliza. Ile karatasi inamlinda mwenye kamera. Mtu anayeisoma anawaza atatokea kisogo kwenye picha ya umati, hawazi kwamba ndoa yake itakuwa klipu ya wiki. Na watu wakishajua kwamba kila jibu linaweza kuishia mtandaoni wanaanza kujibu kwa tahadhari, au kinyume chake wanaanza kuigiza ili watrendi, na vyote viwili vinaua kitu kilekile, ule uchelewaji wa mtu wa kweli. Fani inajila mkia. Shoo ya taa simu zilizimwa mlangoni na hakuna aliyelalamika.

Kama mchekeshaji anahitaji klipu, na najua wengi wanahitaji manake tiketi zinauzwa huko, njia ipo na haina gharama. Shoo ikiisha mfuate yule mtu mmoja, mbali na watu, mwonyeshe kipande chenyewe kama kitakavyotoka, mwulize, na umpe mpaka kesho ajibu, kwa sababu jibu la dakika 2 baada ya makofi bado ni jibu la ukumbini. Akisema ndiyo posti. Akisema hapana, futa mbele yake.